Fulu wa Mama Dorka

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilikuwa Jumapili, mchana kweupe, watu wako kanisani, nami nimesimama mlangoni kwa watu pale Mamboleo huku maji yakipita chini ya mlango na kunilowesha viatu. Kaa vizuri nikueleze. Najua umekuja kuniaga kwa sababu kesho unaanza kazi ya ufundi, na najua macho yako yako kwenye sanduku langu la spana. Spana utapewa. Lakini kwanza pokea hili, maana nimelibeba tangu miaka ya themanini na sijapata pa kulitua.

Nilikuwa fundi wa paipu, kijana wa miaka ishirini na minne, na kichwa changu kilikuwa kimejaa hewa. Usinicheke, hata chako kina hewa. Kazi nilifundishwa na Mzee Athumani wa Kaloleni, ambaye wazee wake walifika Kisumu kutoka pwani pamoja na reli. Yeye mwenyewe ujanani alirudi Mombasa akatunza matangi ya kioo ya hoteli moja, yale ya maji ya chumvi yenye matumbawe na samaki wa rangi rangi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa mengi ya hayo machache alikuwa akinigombeza mimi.

Basi akaja Mwalimu Owiti. Alikuwa amestaafu, mtu wa Nyakach, lakini aliishi Mamboleo ili awe karibu na hospitali kwa ajili ya mkewe, Mama Dorka. Mama huyo alikuwa ameugua uti wa mgongo mpaka miguu ikakataa, akawa mtu wa kitandani. Zamani aliuza fulu wakavu sokoni Kibuye, na watoto wake wote walisoma kwa fulu. Wewe fulu humjui. Ni samaki wadogo wa ziwa letu, urefu wa kidole, ambao walikuwa wengi hata watu wakawadharau. Kisha yule samaki mkubwa, mbuta, akaenea ziwani akawala, ikafika mahali nyavu zinavutwa bila hata fulu mmoja. Watu walimfurahia mbuta kwa sababu ana nyama. Mama Dorka hakumfurahia. Alikuwa akisema, "Wale ndio walionilelea watoto, na sikuwaaga."

Neno hilo Mwalimu hakuliacha lipite. Alichukua baiskeli na ndoo, akawa anazunguka ufuoni akiwauliza wavuvi, hasa kwenye mawe, ambapo mbuta mkubwa hawezi kupenya. Ilimchukua miezi. Alipata fulu kumi na mmoja, na madume kati yao walikuwa na doa la rangi ya chungwa kwenye pezi. Akanunua tangi kubwa la kioo, akaliweka sebuleni mbele ya mlango wa chumba cha kulala, akaondoa pazia ili mkewe awaone akiwa kitandani. Mimi nikaitwa niunganishe maji.

Kazi yenyewe si ngumu kuelewa. Chini ya tangi kubwa kuna tangi dogo lenye kokoto na sponji. Maji ya juu yanashuka kwa paipu yenyewe, yanasafishwa huko chini, halafu pampu ya stima inayarudisha juu kwa paipu nyingine. Nilifunga paipu moja ya kushusha na moja ya kupandisha, nikajiona bingwa. Baada ya siku mbili Mama Dorka akaniita kitandani.

"Ouma mwanangu," akasema, "samaki ni wazuri sana. Lakini huyo mzee anayekoroma ndani ya paipu, naomba umtoe. Silali."

Alisema kwa utani, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Ni kweli paipu ilikoroma, kwa sababu ilikuwa ikimeza maji na hewa pamoja. Nilirudi kwa Mzee Athumani nikamwuliza, maana kuuliza si ujinga, na hilo angalau nililijua. Akachukua chaki, akachora kwenye sakafu ya karakana. Paipu ya kwanza ishushe maji tupu bila hewa, na koki chini yake ya kuipima mpaka inyamaze. Ya pili ichukue yale machache yanayobaki, yateleze polepole ukutani mwa paipu. Ya tatu ikae juu zaidi, kavu, ikingoja siku ile hizo mbili zitakapoziba. Halafu akaichora paipu ya kupandisha maji, ile ambayo Mwalimu alitaka ifike mpaka chini nyuma ya mawe ya tangini, ili maji yatembee mle kama yanavyotembea ziwani. Karibu na uso wa maji akatia nukta ndogo.

"Hapa toboa tundu, dogo kama la sindano," akasema. "Stima ikipotea, pampu ikisimama, maji yatarudi chini kwa paipu hii hii. Uso wa maji ukishuka hapa, tundu litavuta hewa na maji yatakoma. Bila tundu, tangi lote litashukia lile dogo, nalo litafurika sakafuni. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

Nilifanya yote alivyonichorea, na nyumba ikatulia. Mama Dorka akalala usiku kucha, na asubuhi Mwalimu alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kilichobaki ni kile kitundu tu, kilichotoa sauti nyembamba, sss, kama chai inayokaribia kuchemka. Mimi ndiye niliyeichukia. Nilimwambia Mama Dorka nitatafuta dawa yake, akakataa.

"Hiyo iache. Hainisumbui. Nikiisikia najua stima ipo."

Mwanangu, yashike maneno hayo. Aliniambia niiache.

Lakini meneja wa hoteli moja mjini alikuwa amesikia habari za tangi lisilo na sauti, akasema atakuja Jumatatu kuliona. Nikaanza kuota matangi ya hoteli na jina langu likitajwa mpaka Nairobi. Nikaona aibu ya ile sss. Jumamosi jioni nikapita pale nikijifanya naangalia koki, nikachukua kijiti cha kiberiti, nikakipaka nta ya mshumaa, nikaziba tundu. Sikumwambia mtu. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Kesho yake asubuhi stima ikapotea. Mwalimu alikuwa kanisani, na jirani aliyeachiwa mgonjwa alikuwa ametoka kidogo. Nilipofika kuliangalia tangi langu nikakuta maji mlangoni. Kabla sijasukuma mlango nikasikia sauti ya Mama Dorka.

"Nani huyo? Ni Ouma? Ouma, wanapigapiga juu ya mawe. Nimeita, nimeita. Wamepigapiga muda mrefu, sasa wamenyamaza."

Alikuwa amelala pale, mlango wazi, akiwaona wakifa, na hakuweza kuinuka.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia hata mama yako. Niliingia mbio, na mkono wangu haukwenda kwa Mama Dorka. Haukwenda kwa fulu wala kutafuta aliye na pumzi bado. Ulikwenda kwenye tundu. Nilikichomoa kile kijiti nikakitia mfukoni. Baadaye ndipo nikawaokota fulu na kuwatia ndani ya beseni, na wawili bado walikuwa wakifunua mashavu. Hawakufika jioni.

Mwalimu alirudi na Biblia yake kwapani. Hakupaza sauti. Alisimama akaangalia beseni, kisha akaniuliza, "Imekuwaje, Ouma?"

"Ni stima, Mwalimu. Stima ilipotea."

Na ilikuwa kweli! Uongo mbaya, mwanangu, ni ule uliovaa koti la kweli, kwa sababu hata mwenyewe unaweza kuusadiki. Mwalimu akatikisa kichwa, akaanza kupiga deki. Basi Mama Dorka akasema kutoka chumbani, polepole, kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo.

"Msiisingizie stima. Ni mimi. Maji yalikuwa yakienda vizuri na kelele zake, mimi nikanung'unika. Nilitaka kimya, na nimekipata."

Mwalimu akamwambia si hivyo. Akajibu, "Ni mimi, Owiti." Mimi nimesimama kati yao, kijiti kiko mfukoni. Neno moja tu lingemtoa mama yule kwenye lile shimo: Mama, wewe uliniambia niiache. Sikulisema.

Mzee Athumani hakuridhika na habari yangu ya stima. Alikwenda mwenyewe kuliona tangi, akapitisha ukucha kwenye tundu, akarudi na nta kidogo kwenye kidole. Akanionyesha bila kuuliza. Nikaangalia chini.

"Mimi sitamwambia," akasema. "Nikienda mimi nitakuwa nimekushtaki, ukienda wewe utakuwa umekiri. Nenda leo, Ouma, maana leo jambo hili bado ni dogo. Leo ni kijiti cha kiberiti."

"Nitaenda, Mzee."

"Leo."

"Leo, Mzee."

Sikwenda. Siku hiyo niliona nimechelewa, kesho yake nikaona Mwalimu ana huzuni nisiiongeze, na wiki iliyofuata nikajiambia hao ni samaki tu. Mtu akitaka sababu za kunyamaza hazikosi. Mzee Athumani hakunifukuza kazi. Aliacha kunigombeza, basi, na hilo liliniuma kuliko kufukuzwa. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika kitu, nilitembea vizuri tu na miguu yangu miwili, na aliyevunjika akawa mwingine.

Niliendelea kwenda Mamboleo. Nikibadilisha bomba lililokuwa likivuja, nikiziba paa, sikutaka malipo. Kila mara nilichungulia chumbani nikamwuliza Mama Dorka hali, naye kila mara alijibu, "Sijambo kabisa, mwanangu. Sina neno." Zamani alikuwa mtu wa kulalamika kwa mzaha, mto mgumu, uji baridi, Mwalimu anakohoa kama trekta. Sasa hakuwa na neno. Nami, mpumbavu, nilifurahi. Nilisema moyoni, amesahau, yamekwisha.

Mwaka haukuisha akafa. Tulimzika kwao Mwalimu, karibu na Pap Onditi, na watu walikuwa wengi, hata wanawake wazee wa Kibuye waliokuwa wakiuza naye samaki. Nilisikia watu wakinong'ona kwamba alikuwa na uvimbe tumboni kwa miezi mingi na hakumwambia mtu, mpaka madaktari wakakuta hakuna la kufanya. Mzee mmoja karibu yangu akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nikaitikia kwa kichwa kama wengine. Bado sikuwa nimeelewa.

Wiki mbili baadaye nilipanda tena kwenda Nyakach. Nilimkuta Mwalimu ameketi kando ya ukuta, upande wenye kivuli, amekonda, redio iko magotini lakini imezimwa. Nikamwambia yote, kijiti, nta, meneja wa hoteli, na jinsi mama mwenyewe alivyonikataza. Sikulia. Nilisema haraka kama mtu anayetapika.

Nilingoja anitukane. Hata anipige ningeshukuru.

"Unajua daktari aliniuliza nini?" akasema. "Aliniuliza mama huyu ameumwa tumbo muda gani. Nikamjibu hajaumwa, nalala naye chumba kimoja, ningejua. Usiku ule nikamwuliza Dorka, kwa nini hukuniambia? Akanijibu, 'Nilinung'unika mara moja, Owiti, fulu wote wakafa. Nikasema sitanung'unika tena.'"

Akaiweka redio chini.

"Mimi nimekusamehe, Ouma. Kwangu hukuwa na deni kubwa. Neno hili ulikuja nalo kwa mtu asiyelihitaji. Aliyelihitaji yuko pale," akasema, akauelekeza mkono kwenye udongo mwekundu kando ya nyumba, "na nilikuwa nimekuwekea kiti karibu na kitanda chake muda wote huo."

Nilikwenda kaburini nikasema. Nilisema yote kwa sauti, mchana, watoto wa boma wakinitazama. Lakini mwanangu, ukishamzika mtu unasema peke yako. Nilirudi, nikapewa chakula, nikala kwa sababu Mwalimu alinitazama mpaka nikala. Ile ilikuwa mara ya mwisho kumwona.

Basi shika hili, nyathina, mwanangu. Kesho utakosea, na keshokutwa pia. Hakuna fundi asiyeharibu. Sikuambii usikosee. Nakuambia mkono wako ukikosea, mdomo wako useme siku ile ile, kwa yule yule aliyeumia, hata kama sauti inatetemeka na hata kama utafukuzwa. Lawama haikai chini ikingoja mwenyewe. Usipoichukua wewe ataiokota mwingine, na mara nyingi anayeiokota ni mwenye moyo mwema, asiyejua kwamba si yake, naye ataibeba mpaka imuue. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi mjukuu wangu huyo amezeeka pamoja nami, na bado hanywi uji wake akatulia.

Haya, lete mkono. Mungu aibariki kazi yako, akupe riziki, akupe na watu wa kukugombeza. Na siku utakapokosea, akujalie umkute uliyemkosea bado yuko hai.