Hedifoni za Msagaji

Mtaani walimwita Bwana Redio, na jina lenyewe hakulichukia. Heri kuitwa Redio kuliko kuitwa Kiziwi, na kati ya majina hayo mawili hapakuwa na la tatu ambalo angeweza kulichagua.

Alikuwa msagaji. Tangu ujanani kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mashine ya kusaga nafaka, katika chumba cha mabati chenye mlango mmoja na dirisha lisilo na kioo, akimimina mahindi juu na kukinga unga chini. Wahenga wanasema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Mashine ile ingemtoa kwa matusi. Wateja waliongea naye kwa vidole na macho: kukoboa au kutokoboa, laini au chenga, mfuko huu ni wa nani. Pale ndani kila mtu alikuwa kiziwi mpaka mashine izimwe, kwa hiyo hakuna aliyegundua kwamba kuna mmoja ambaye uziwi wake haukuzimwa na swichi.

Hedifoni alizinunua kwa muuza mitumba, zile kubwa za kufunika sikio zima, sifongo zake zimechakaa na waya umefungwa utepe mweusi katikati. Alizinunua ili zizuie kelele za mashine. Majuto ni mjukuu. Zilipofika, masikio yalikuwa yameshaondoka. Yalianza kuondoka na vitu vidogo vidogo: ndege wa kwenye paa, mlio wa simu, vijiko vikigongana. Sauti nzito za wanaume zilibaki. Kisha siku moja aliinua uso mezani akaona midomo ya mkewe ikicheza, na alichosikia kilikuwa kama mtu anayesema akiwa ndani ya blanketi.

Huyu mke wake alikuwa na sauti ndogo. Si ndogo ya uoga, la. Ndogo ya mtu asiyeona sababu ya kumsumbua jirani. Watoto wawili aliwalea kwa sauti hiyo, na waliogopa kunong'onezwa na mama yao kuliko kukemewa na mtu mwingine yeyote. Alikuwa fundi cherehani, akishonea hapo hapo nyumbani, na jioni baada ya kula alikuwa na tabia ya kukaa mkekani na kumsimulia mumewe habari zote za uani, akiwaigiza wateja wake mmoja mmoja: mwenye gauni lililombana lakini hakubali kwamba kanenepa, mwenye kitambaa cha kumtosha mtoto naye anataka kitoke gauni la mtu mzima. Msagaji alikuwa akicheka mpaka anajifuta machozi kwa kiganja chenye unga. Sasa watoto walikuwa wameoa na kuolewa, wamekwenda zao, na jioni zilikuwa bado zipo ila sauti ndiyo haikuwepo.

Kwa nini hakusema? Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo alilijua kama tunavyolijua sote. Lakini alikuwa na mjomba, aliyemfundisha kazi hiyo hiyo, ambaye uzeeni hakusikia kitu. Aliona watu wakimpigia mjomba kelele kama wanavyofukuza mbuzi shambani. Aliona vikao vya ukoo vikiamua mambo ya mjomba naye mwenyewe amekaa pale pale, anatabasamu, hajui anachokubali. Aliona wajukuu wakimtania nyuma ya mgongo wake, na naye aligeuka na kuwapa peremende. Siku hiyo msagaji aliapa kwamba yeye hayatamkuta. Kwa hiyo alivaa hedifoni asubuhi akivaa viatu, na akazivua akivua shati. Asipomjibu mtu, watu walisema mwacheni, yuko na redio yake.

Tena alisikiliza kweli. Redio ndogo ilikaa mfuko wa shati, sauti imezungushwa mpaka mwisho, na humo ndani ya hedifoni alisikia. Alimsikia msoma habari, mtangazaji wa mpira, bwana shamba na mbolea zake. Hapo ndipo palipomuuma. Watu asiowajua walikuwa wakimsemesha masikioni kutwa nzima, na yule aliyelala naye kitanda kimoja hakumsikia. Alijua mvua itanyesha katika miji ambayo hatafika maisha yake yote, asijue mkewe ameamkaje. Aliitamani sauti ile kama mgonjwa anavyotamani chumvi. Jioni alikaa mahali ambapo taa inamwangaza mkewe usoni, akaitazama midomo yake, akajaribu kukumbuka mlio uliokuwa ukitoka hapo.

Mkewe alichokiona ni kitu kingine kabisa. Alimwona mume aliyeziba masikio yake mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, kila siku. Mwanzoni alimtania kwamba kaletewa mke mwenza na huyo mke mwenza ni wa betri. Baadaye alinuna. Alipoona kununa hakuleti kitu, aliacha kabisa kumsemesha kwa siku kadhaa ili aone kama mwenzake atahisi, na msagaji, maskini ya Mungu, hakuhisi chochote. Angehisi vipi? Kwake kila siku ilikuwa hivyo. Mwanamke akalia kwenye cherehani, na hilo nalo msagaji hakulisikia.

Mtu asiyesikia ana ufundi wake. Hutikisa kichwa, hutabasamu, husema sawa. Neno sawa hufaa karibu kila swali la ndani ya nyumba, na msagaji alilitumia kwa ustadi, akiongeza "mama" baada yake ili lisikike lina moyo. Likimshinda hilo, alisema kesho.

Asubuhi moja alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu, hedifoni kichwani. Uani jirani yao muuza mkaa alikuwa anapanga makopo yake. Mkewe alikuja akasimama mbele yake, ameshika kikapu, akasema maneno kadhaa, marefu kidogo kuliko kawaida. Msagaji aliona kikapu. Alitabasamu, akasema sawa, mama, nenda salama, akaenda zake kazini.

Jioni alikuta mlango umefungwa. Ufunguo ulikuwa kwa muuza mkaa, mwanamke mwenye sauti ambayo hata mashine ingeisikia. Hakumpa mara moja. Alimtazama kwanza juu mpaka chini, hedifoni mpaka viatu.

"Unamtafuta nani?" aliuliza muuza mkaa. "Si alikuaga mbele yangu? Alikuambia, naenda kwa dada yangu, nimechoka kuishi na ukuta. Akakuambia, ukinizuia sasa hivi, nabaki. Na wewe ukamwambia sawa, mama, nenda salama. Mimi nimeona waume wanaofukuza wake kwa fimbo. Wa kufukuza kwa adabu nimekuona wewe."

Msagaji alisimama na ufunguo mkononi. Ndani cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, na misumari ya ukutani iliyokuwa na nguo zake ilikuwa mitupu. Alikaa kitandani upande wa mkewe. Angekuwa na nguvu za kupiga kelele angepiga, lakini alijionea aibu hata mbele ya kuta.

Kwa dada wa mkewe ni mwendo wa kutwa nzima ndani ya basi. Alifikiria kwenda, kisha akafikiria akifika: shemeji zake wamejaa sebuleni, wanamwuliza maswali kwa mpigo, naye anajibu sawa, sawa. Alituma ujumbe wa maandishi kwamba arudi. Haukujibiwa, na ni haki yake. Kupiga simu alikwishaacha siku nyingi, kwa sababu simu ikikaa sikioni alisikia nzi ndani ya chupa na si zaidi. Akaendelea kusaga unga wa watu. Nyumbani alipika chai ya kikombe kimoja, na mara mbili alijisahau akapika ya viwili.

Jumapili mashine haikufanya kazi. Alikaa mezani kubadili betri za redio, akachomoa waya wa hedifoni, na simu ilikuwa hapo pembeni. Akaitazama. Ilikuwa na tundu lile lile. Alizungusha ncha ya waya vidoleni muda mrefu, maana alijua likishindikana na hili hana jingine. Kisha akaichomeka kwenye simu, akapandisha sauti mpaka mwisho, akampigia mkewe.

"Haloo."

Alikuwa yeye. Mzima, karibu, ndani kabisa ya kichwa chake. Sauti ilikuwa imezeeka kidogo bila yeye kuwepo. Ilikuwa na mkwaruzo ambao hakuufahamu. Msagaji alifunika mdomo kwa mkono. Alitaka aseme tena, aseme chochote, na aliogopa kwamba akifungua kinywa yeye ataifunika.

"Najua ni wewe," mkewe alisema. "Hata kwenye simu unaninyamazia? Basi nakata."

"Usikate," alisema. "Nakusikia. Mke wangu, mimi sisikii. Sasa hivi ndiyo nakusikia."

Kauli hiyo haikuwa na kichwa wala miguu, na ilibidi aitengeneze. Alimweleza habari ya mashine, habari ya mjomba, habari ya hedifoni, na jinsi neno sawa linavyofanya kazi. Hakujitetea sana, kwa kuwa alipojisikia akieleza aliona mwenyewe upumbavu wake ulivyokuwa mkubwa. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Asubuhi ile," aliuliza, "ulisikia nini?"

"Hakuna. Niliona kikapu. Nikajua unakwenda sokoni."

Kukawa kimya, kirefu kiasi kwamba aligonga hedifoni akidhani zimekufa. Kisha akasikia kitu chembamba, cha kukatika katika. Alikuwa analia. Miaka mingi hakuwa amemsikia akilia, na Mungu amsamehe, alifurahi kumsikia.

Mkewe alipopata pumzi alisema atapanda basi kesho. Msagaji hakujibu upesi, na safari hii si kwa sababu hakusikia. Alikuwa ameona jambo. Mkewe akiwa mbali, waya huu unamleta mpaka ndani ya masikio yake. Akirudi, akikaa pale mkekani chini ya taa, midomo itacheza na blanketi litarudi. Akalisema hivyo hivyo lilivyo, kwamba akija hatamsikia tena namna hii.

"Kwa hiyo nibaki huku?"

Swali hilo halikufaa kujibiwa sawa. Alibana hedifoni kwa mikono yote miwili, kama mtu anayezuia kitu kisitoke.

"Njoo," alisema. "Njoo hata nisisikie."

Mkewe alicheka kidogo kwa puani, kicheko cha kale kile. Akasema akifika atajifunza kubwata kama muuza mkaa, na siku atakazochoka atampigia simu kutoka jikoni, majirani wacheke mpaka wachoke. Lakini leo asikate. Kuna mambo amemwambia miaka yote hii yakapotea hewani, na anataka kuyasema upya angali anasikika.

"Kuna siku nilikuuliza kama bado unanitaka," alisema. "Ukanijibu, kesho, mama."

Msagaji alifumba macho.

"Niulize tena," alisema.

Akamwuliza, kwa sauti ile ile ndogo ambayo hajawahi kuipandisha kwa mtu, na halikumpita hata neno moja.