Kola ya Mchungaji

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Mama Mikono amesimama mbele ya kioo cha duka lake la ushonaji, futi ya kupimia shingoni, anaurudia mfano wa kondoo aliyepotea. Kesho atautafsiri kwa lugha ya alama, kwa viziwi kumi na mmoja wa benchi la mbele kanisani. Ni mwaka wa kumi na nne anafanya hivyo, bila mshahara.

Kinachomkwamisha ni neno moja: mchungaji.

Siku zote amelionyesha kwa kupitisha kidole shingoni, yaani ile kola nyeupe. "Sisi tunaosikia, tukisema mchungaji, nani anaona fimbo na majani?" anauliza. "Tunamwona mtu wa mimbari."

Aliyemshtua ni mwalimu wa isimu, aliyewapa wakalimani semina mwezi uliopita. Aliwaambia kwamba mtu hulielewa jambo asiloliona kwa kulipima na lile analolijua.

"Nikajisemea, lo, mfano unamtaka mtu wa kondoo wanayemjua, mimi nimewapa kola. Kumbe nimewashonea watu nguo bila kitambaa," anacheka.

Basi ameamua kuitoa kola na kuweka fimbo. Wa kwanza kuonyeshwa ni seremala kiziwi wa karakana ya jirani, ambaye goti limemweka nyumbani miezi mitatu, na leo ndiyo kwanza ameshika randa.

Seremala anatazama mpaka mwisho, anajipangusa vumbi la mbao, kisha anajibu kwa mikono: "Umekosea. Aliyewaacha tisini na tisa akamfuata mmoja ni yule wa kola. Mwenyewe ulinionyesha."

"Nilikosea mimi, mzee wangu. Ni mtu wa mifugo."

"Ndiyo maana hakuja."

Kumbe kila Jumapili ya miezi ile mitatu seremala alivaa shati safi, akakaa mlangoni na chai kwenye chupa, akimsubiri mchungaji wa kanisa aje kumtazama. "Nikasema yule ni mwongo," anaongeza. "Kumbe mwongo ni wewe." Anatabasamu, lakini kidogo tu.



Akirudi dukani anafunga cherehani. Kesho, anasema, ataonyesha fimbo, halafu kola, vyote kwa pamoja, na benchi lichague. Ila kwanza anapitia ofisi ya mchungaji, sasa hivi.

"Sina cha kumtafsiria," anasema akitafuta viatu. "Nitamwambia avae kola, twende kwa seremala. Bila hiyo mzee wangu hatamtambua."