Aspiki ya Tata Mogire

Kulikuwa na mzee hapa kwetu Nyansiongo ambaye kila Jumamosi mchana alikuwa anakaa kwa mlango wake akikumbatia mkebe. Si kuubeba, aki, kuukumbatia! Anauweka ndani ya koti, anafunga vifungo, anashikilia na mikono miwili kama mtu ako na mtoto wa homa. Nyanya yangu Jemimah ndiye aliniambia hii stori, na tangu aniambie sijakaa chini.

Mzee aliitwa Mogire, na watu walimwita Tata, yaani baba, kwa heshima. Kabla ya uhuru alikuwa mpishi kwa nyumba ya mzungu mmoja wa ng'ombe za maziwa, miaka kumi na sita. Nyumbani kwao Kenyenya alikuwa anaenda mara moja kwa mwaka, Krismasi ya hao wazungu ikishaisha. Bibi yake alikufa Mogire akiwa kwa hiyo jikoni, na habari ikamfikia siku nne baadaye, ashazikwa. Watoto hawakuwa wamepata. Mwaka wa sitini na nne mzungu akauza shamba akaenda kwao, na memsabu, yule bibi ya mzungu, akamwachia Mogire ule mkebe. Ni wa shaba, uko na umbo la samaki, hadi magamba imechorwa. Mogire akapata kipande wakati mashamba yaligawanywa, akajenga nyumba ya vyumba viwili, akachonga meza moja na viti viwili. Kiti cha pili sijui alikuwa anachongea nani. Nafikiri hata yeye hakujua.

Sasa skia vile alikuwa anapika. Alhamisi ananunua miguu ya ng'ombe. Anaichoma manyoya, anasugua, anachemsha hiyo siku na Ijumaa karibu yote, moto kidogo kidogo. Anachuja na kitambaa. Halafu, na hapa ndio nilishangaa, anapiga ute wa yai na kuimwaga ndani ya supu. Ute inashika uchafu wote inapanda nao juu, chini inabaki supu safi mpaka unaweza kusoma Biblia kupitia glasi. Anapanga karoti na mayai ya kuchemsha ndani ya mkebe, anamwaga supu, anaweka kwa dirisha. Baridi ya Nyansiongo mnaijua. Asubuhi imeganda, inatetemeka, inang'aa kama kioo.

Na huku watu wengi ni Wasabato. Sabato hakuna kuwasha jiko, unakula chenye ulipika Ijumaa. Kila nyumba walikuwa wanakula ugali baridi na chinsaga baridi, ile mboga chungu ya huku, na mafuta imeganda juu, wanavumilia tu. Mogire naye alikuwa na chakula ambayo *inafaa* kuwa baridi! Kwa akili yake, alikuwa ameletea majirani zawadi.

Shida ilikuwa kuitoa kwa mkebe. Kwa memsabu walikuwa wanachovya mkebe kwa maji moto. Lakini Sabato utatoa wapi maji moto? Ndio maana ya koti. Alikuwa anatoka kanisani wa kwanza, anaukumbatia hadi joto ya mwili wake ilegeze ile supu pembeni, na samaki aanguke mzima kwa sahani. Ilikuwa inachukua kama nusu saa. Kwa hiyo nusu saa watu wote wa kanisa wanapita mbele ya mlango wake wakienda nyumbani.

"Tata Mogire," babu yangu Ondieki alikuwa anamwita kutoka barabarani, "huyo mtoto atatembea lini?"

"Huyu hatembei, anateleza. Kuja umshike."

"Nikishika akikojoa je?"

"Akikojoa ni supu. Leta kijiko."

Watu wanacheka, Mogire pia anacheka, halafu wanaenda. Wanaenda wote. Yeye anaingia ndani anaweka sahani mbili. Mlango wake uliangalia mlango wetu, na nyanya anasema ukisimama kwa jikoni ulikuwa unaona kila kitu: sahani mbili, mtu mmoja. Miaka.

Si ati walimchukia. Akiwa mgonjwa walimletea maziwa. Lakini hiyo chakula iliwatisha. Wengine walisema wazungu walikuwa wanaipika na miguu ya nguruwe, na Msabato hali nguruwe. Wengine walisema tu nyama haifai kutetemeka ikishakufa.

Nyanya aliolewa hapa mwaka wa sabini na moja. Alikuwa mgeni, ametoka mbali, hajui mtu, na babu alikuwa anashinda kwa mikutano ya wakulima wa chai. Sabato moja akapita, Mogire akasema, "Sabato njema, mama. Umekula?" Nyanya akasema bado. Na vile alikuwa na upweke wake pia, akaingia.

Anasema mzee alikimbia. Mzee wa karibu miaka sitini, alikimbia kupanguza kiti ambayo haikuwa na vumbi. Akapindua samaki kwa sahani, pwaa, akatoka mzima. Akamkatia kipande upande wa mkia, wenye yai.

"Hii inaitwaje, Tata?" nyanya akauliza.

Hapo ndio Mogire aliharibu. Hakuna mtu alikuwa amewahi kumuuliza! Angesema tu ni supu ya miguu. Lakini furaha ilimshika, akasema yote.

"Inaitwa aspiki. Siku moja nilimuuliza memsabu jina imetoka wapi. Akafungua kitabu kubwa ya maneno, akanisomea. Ni neno ya Wafaransa. Ni jina ya nyoka."

Nyanya akaweka uma chini. "Nyoka?"

"Nyoka mdogo, mwenye sumu. Wanasema ni juu hii chakula ni baridi kama yeye. Wengine wanasema ni juu ya rangi, ukipanga karoti na mayai inakaa madoa ya nyoka. Ama walikuwa wanatumia mkebe umejikunja kama..."

Nyanya alikuwa ashasimama. Msichana wa miaka kumi na tisa, ametoka kanisani saa hiyo hiyo! Akasema asante Tata, nimeacha mtoto wa jirani peke yake, na hakukuwa na mtoto wowote. Akatoka. Mogire akamfuata hadi kwa ua na kitambaa mkononi.

"Mama! Lakini wengine wanasema ni maua! Kuna maua ya zambarau, ya kunukia, walikuwa wanatia ndani! Hata kitabu haijui!"

Nyanya hakugeuka.

Mimi nimetafuta kwa simu, na memsabu hakudanganya. Nyoka iko, rangi iko, mkebe iko, na maua pia iko, na mwisho wanaandika tu ati haijulikani vizuri. Nilimsomea nyanya. Akaniambia nimuonyeshe picha ya hiyo maua.

Hakurudi kwa ile nyumba. Miaka tano, mlango ukiangalia mlango. Anasema kila Ijumaa alikuwa anaamua kesho ataenda, na kila Jumamosi anaona aibu ya Jumamosi ile ingine.

Mwaka wa sabini na sita, mwezi wa saba, Sabato moja Mogire hakuonekana kanisani. Walipotoka, mlango ulikuwa umefungwa na hakuna mtu na mkebe. Mzee wa kanisa, Ishmael, akasukuma mlango. Mogire alikuwa amekaa kwa kitanda, suruali ya kanisa, kiatu moja imepakwa rangi, ingine bado. Alikuwa amekufa tangu asubuhi.

Watu wakajaa. Wanaume wakamlaza, wengine wakatumwa Kenyenya kutafuta watu wake. Saa nane, saa tisa, wote wako na njaa, hakuna wa kuacha marehemu aende kula kwake, na hakuna wa kuwasha jiko. Nyanya akaona mkebe kwa dirisha. Umejaa, umeganda.

Akauchukua. Akakaa kwa mlango, palepale, akauweka ndani ya leso yake na kuukumbatia. Hakuna mtu alicheka. Ilichukua muda, anasema, ilikuwa baridi sana hadi mbavu zikamuuma, na hakuacha. Ikalegea.

Walikuwa wametoa meza nje. Akapindua samaki, akakata vipande.

"Chakula ya marehemu?" mama mmoja akasema.

"Alikuwa anapikia nani kama si sisi?" nyanya akamjibu.

Ishmael akashika kipande, akakiangalia kwa jua. "Jemimah, hii ni kitu gani?"

"Ni miguu ya ng'ombe," nyanya akasema. "Na jina, wengine wanasema ni maua."

Ishmael akala. Akasema ina chumvi vizuri, akachukua ingine. Ndio wengine wakasongea, wakala hadi mkia. Viti vilikuwa viwili tu, kwa hivyo karibu wote walikula wamesimama.