Mama Alifunga Fundo la Mjane, Baba Yuko Hai

Mama yangu aliingia kwenye sikukuu amefunga fundo la mjane.

Na baba yangu ndiye aliyemshika mkono.

Hai kabisa. Kanyoa ndevu, kofia yenye unyoya kichwani, anauliza kama bata bukini ameshaiva.

Nisiwazungushe. Kwetu huku Bavaria, mwanamke akivaa dirndl, lile gauni letu la kubana kiuno lenye aproni mbele, watu hawaanzi na uso. Wanaanza na fundo la aproni.

Fundo likikaa kushoto, uwanja uko wazi, vijana wajaribu bahati. Likikaa kulia, una mwenyewe. Likikaa nyuma, mgongoni, umeshazika mume.

Miaka yote fundo la mama lilikaa kulia, limenyooka utadhani limepigwa pasi hapohapo kiunoni.

Siku hiyo lilikuwa mgongoni.

Mimi naitwa Afra. Nina baa na jiko, ukuta kwa ukuta na kanisa. Kila Oktoba, siku ya sikukuu ya kanisa letu, misa ikiisha nyomi lote linahamia kwangu. Napenda hivyo. Nyumba ikiwa kimya mimi kichwa kinaniuma.

Sasa, sijaweka hata sinia chini, jirani yangu Ottilie kanivuta kiwiko.

"Shoga, umeuona mgongo wa mama yako?"

"Nimeuona."

"Sasa baba yako, mzee Korbinian, ana taarifa kwamba amefariki?"

Nikajikaza. "Mama ananisaidia kuhudumia leo. Wahudumu si nao wanafunga nyuma?"

Ni kweli, wanafunga nyuma. Lakini Ottilie alinitazama kama nimemuuzia mbuzi kwenye gunia.

"Mama yako? Na goti lile?"

Mama alisikia. Akapita kaunta, akajaza mikono magilasi makubwa ya bia, akaanza kuzunguka meza moja hadi nyingine, anachechemea.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Yaani mwanamke yuko radhi abebe bia na goti bovu, kuliko kuhamisha utepe kutoka mgongoni hadi kiunoni?

Nikamfuata jikoni. "Mama, geuka nikufunge upya. Ni mara moja tu."

Akanipiga mkono kwa mwiko. "Usiguse."

"Watu wanasema."

"Na wewe umeanza lini kuogopa watu wakisema? Si ndiyo biashara yako hiyo?"

Nikauliza lile nililokuwa naliogopa.

"Mama, unamwacha baba?"

Akachukua bakuli la kabichi nyekundu, akanisukumia kifuani. "Peleka kwa wapiga matarumbeta. Inapoa."

Nikalibeba bakuli pamoja na swali langu.

Mjue, toka walipooana, baba ndiye humfunga mama fundo asubuhi ya sikukuu. Anavuta utepe kama anafunga farasi, mama anamtukana, wote wanacheka. Nikajumlisha mwenyewe kichwani: mwaka huu mama kaikataa mikono ya baba. Kajifunga, na kafunga hivyo ili kijiji kizima kisome.

Wazazi wangu. Na uzee ule.

Ukumbini ubuyu ulishamwagika hadi meza ya mwisho. Gebhard, yule wa tarumbeta kubwa, bia imeshampanda, akapaza sauti mama alipopita.

"Kreszenz! Korbinian bado anatafuna, wewe umeshafunga nyuma? Au umechoka kusubiri?"

Watu wakacheka. Wengine wakapiga meza.

Baba akasimama. Kitambaa cha kulia chakula bado kimening'inia shingoni.

"Nani kafa?"

Vicheko vikapungua. "Utani tu, mzee," Gebhard akasema.

"Nimeuliza, nani kafa?"

Akaanza kuutazama ukumbi. Ukumbi ambao amekunywa bia humo toka ujana wake, anautazama kama mtu aliyeteremshwa kituo kisicho chake. Macho yakazunguka, yakazunguka, yakatua kwa mama.

Na uso wa baba yangu ukawa wa mtoto. Sijui niseme vipi. Wa mtoto kabisa.

"Mama," akamwambia. "Ni baba? Baba kafa?"

Mama akaweka magilasi chini. Akamwendea na goti lake, akamfuta midomo kwa ncha ya aproni.

"Hakuna aliyekufa, mwanangu. Kaa umalize bata wako."

Mwanangu. Anamwambia mumewe.

Na baba akakaa, akala.

Jikoni nilimkuta mama ameegemea sinki.

"Toka lini?" nikamuuliza.

"Toka tulipokata nyasi za ng'ombe, kiangazi. Kuna siku ni yeye. Kuna siku mimi ni mama yake."

Bibi yangu mzaa baba aliachwa mjane mapema. Mti ulimwangukia babu msituni, baba akiwa mdogo. Bibi akafunga nyuma hadi anazikwa.

"Leo asubuhi kanifunga kama kawaida," mama akasema. "Nikahisi utepe unakwenda mgongoni. Nikamwambia, Korbinian, kulia. Akanijibu, mama, wewe si unafunga nyuma toka baba atuache? Nilipotaka kulifungua akalia, Afra. Akalia kwa sauti."

"Ungeniambia mimi."

"Nikuambie wewe? Kijiji kingejua kabla sijafika mlangoni kwangu."

Ilinichoma, lakini ana haki.

"Basi ungelihamisha njiani. Asingeona."

Vidole vyake vikachezea ncha ya utepe.

"Nililishika pale kwenye ukuta wa kanisa, nataka kulifungua. Halafu nikaona, kwani kakosea nini? Mimi ni mjane, mwanangu. Ila marehemu wangu bado anakula."

Mlango wa jiko ukafunguka. Ottilie. Nikajiandaa kumfukuza kwa maneno makali.

Yeye akavuta kigoda, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi ambavyo hakuna aliyeviagiza. Dakika mbili tatu, akaingia mke wa Gebhard, naye akakaa. Nilipochungulia ukumbini, Gebhard mwenyewe kaketi kando ya baba, kofia mapajani, anamkatia nyama vipande vidogovidogo.

Baba anamwita kwa jina la mtu nisiyemjua. Gebhard anaitika.

Nawaambia nyie mnaonisoma: kuna misiba haina kaburi. Maiti anavaa kofia, anaomba mchuzi, na kesho anaamka tena. Kama nyumbani kwako kuna mtu wa hivyo, usijifungie naye, wala usione aibu. Fungua mlango. Hata msiba wa aliye hai unataka watu wa kukaa matanga.

Na kama wewe ni jirani, usingoje kuitwa. Njoo tu, viazi vipo.