Katambuga za Bibi na Pikipiki ya Baba

Juzi bodaboda niliyopanda kwenda Issenye ilianza kugonga nyuma. "Samahani bibi, ni raba za habu," kijana akaniambia, tukasimama kwa fundi. Fundi akafungua gurudumu la nyuma, akatoa vipande vya mpira vilivyokwisha, vile vinavyokaa kati ya sproketi ya mnyororo na gurudumu kupunguza mishtuko. Nilipoviona machozi yakanitoka. Jamani, wakadhani nalilia kuchelewa!

Miaka ya hamsini, nikiwa msichana mdogo, baba yangu alikuwa dresa wa zahanati huku kwetu, mfunga vidonda na mgawa dawa, na alipewa pikipiki ya kuwazungukia wagonjwa. Jioni mama alisaga ulezi kwenye jiwe, mimi nikichambua mboga, bibi akitikisa kibuyu cha maziwa. Ikisikika pikipiki kwa mbali, tulijua baba amefika mtoni. Ilikuwa inanguruma kwa upole, maana ilikuwa na raba zake.

Kisha raba zikaliwa na mawe ya njia ya Busawe. Mpya zilikuwa hazipatikani. Fundi mmoja wa Sirari akaibana sproketi kwenye gurudumu kwa bolti, chuma kwa chuma, akajisifu kwamba sasa imekuwa imara. Imara gani! Kila shimo lilipiga mnyororo moja kwa moja. Tangu hapo ilikuja nyumbani ikigonga, na mama, aliyekuwa mjamzito wa miezi ya mwisho, alikuwa akishtuka kila mara.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na katambuga za tairi. We, bibi na katambuga zake! Wenzake walikwenda kanisani pekupeku, yeye alitembea akizitazama. Siku moja akazivua, akazisukuma mbele ya baba. "Kata hizi, uziweke huko penye raba."

Baba alirudi nyuma kabisa. "Mama, nikuvue viatu mimi? Watu wataniitaje?"

"Hao watu ndio watakubebea mkeo?" bibi akamuuliza. Baba akaondoka, na katambuga zikarudi miguuni mwa bibi.

Uchungu ulimshika mama kabla ya siku zake. Baba akawahi asubuhi kumfuata mkunga, akampata alasiri, akampakia. Walipokuwa wanapanda ukingo wa mto, mnyororo ukakatika vipande viwili. Wakaiacha pikipiki palepale wakaja kwa miguu. Sisi tulikaa tukisikiliza njia. Bibi alikuwa amemshika mama mkono, na kila kilichosikika alisema, "Ndiyo hiyo, mwanangu, ndiyo hiyo." Haikuwa hiyo. Walipofika jioni, mama na mtoto walikuwa wameshafunikwa.

Baada ya mazishi bibi hakumuuliza mtu. Alichukua kisu, akakaa mlangoni, akazikata katambuga mwenyewe. Baba alizipokea kwa mikono miwili, akiwa ameinamisha kichwa. Pikipiki ikaungwa mnyororo, ikatiwa vile vipande, ikarudia upole wake, na bibi akatembea pekupeku mpaka alipokufa. Sikumsikia hata mara moja akimlaumu baba. Mimi nilimlaumu, na bado namlaumu, ingawa nilimpenda sana.

Leo mto una daraja, lile jiwe la kusagia sijui liko wapi, na raba mpya zinaning'inia pale kwa fundi, kila mtu ananunua. Fundi alipomaliza, zile kuukuu akazitupa kwenye takataka. Nikapanda. Tukaondoka taratibu, bila kugonga hata kidogo, na njia nzima nilikuwa nawaza kwamba kama baba angevipokea vile viatu mara ya kwanza, labda ningelelewa na mama yangu.