Taratibu Alipoliinua Gari la Umeme

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika hata na wateja wa siku nyingi. Wote walimwita Taratibu, naye aliitika. Gereji yake ilikuwa mwisho wa mtaa wa mafundi, ubavuni mwa duka la mbao: paa la bati juu ya nguzo za chuma, na sakafu ya saruji iliyokunywa oili hadi ikawa nyeusi na kung'aa. Kazi yake ilikuwa moja tu, kila kinachobeba gari: springi, shokapu, bushi, ekseli. Injini hakugusa.

"Mimi ni fundi wa miguu," alipenda kusema. "Wenye maradhi ya moyo waende kwa jirani."

Utaratibu wake haukuwa uvivu. Baba yake alikuwa dereva wa lori, na siku moja, akiteremka mlima na shehena ya saruji, gurudumu la mbele lilichomoka kwa sababu fundi fulani hakukaza nati. Mzee alipona, lakini nyonga yake haikupona, na hakushika usukani tena. Wakati huo Taratibu ndiyo kwanza alikuwa anaota ndevu. Tangu hapo nati kwake ikawa roho ya mtu. Alikaza, akapima mkazo kwa spana ndefu inayolia "tak!" nati inapofika panapotakiwa, kisha akaichora mstari wa rangi nyeupe kuonyesha kwamba imekaguliwa. Wateja wenye haraka walinuna, wakaenda kwa wengine, halafu wakarudi.

Dada yake mdogo, kitinda mimba wa nyumba yao, alikuwa daktari wa mifugo. Taratibu alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga, na mpaka leo alimwona kama mtu anayeweza kuanguka wakati wowote. Alipokuwa akifanya kazi mjini, dada huyo alinunua gari la umeme la umbo la kati, si saluni wala si jipu, zuri kwa barabara ya lami. Halafu akahamishiwa juu mlimani kwa wafugaji, kwenye njia ya mawe ambayo hata mbuzi huipita kwa kufikiria.

Asubuhi moja aliingia gereji, akazima gari, na kukawa kimya kabisa, maana hata lilipokuwa limewaka lilikuwa kimya.

"Kaka, tumbo linakwaruza."

Taratibu akatandika boksi, akalala chali, akaingia na tochi. Alikaa huko muda mrefu. Kifuniko cha chini kilikuwa na mikwaruzo kama ubao uliochezewa na paka.

"Unajua humu tumboni mna nini?" aliuliza kutoka chini.

"Betri."

"Betri. Na wewe unaipiga kwenye mawe kila siku ya Mungu. Liuze hili, tafuta pikapu ya dizeli."

"Siuzi," dada alisema. "Friji yangu ya chanjo inachomekwa humu humu. Nikisimama bondeni tangu asubuhi hadi jioni, chanjo zinabaki na ubaridi wake. Hakuna moshi, hakuna ngurumo ya kutimua ng'ombe. Wewe liinue tu, unifungie na matairi yenye meno."

Taratibu akajivuta nje, akaketi, akafuta mikono kwa tambara ambalo lilikuwa chafu kuliko mikono yenyewe. Mkewe, aliyekuwa na cherehani yake kwenye kibanda cha pembeni na ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Sindano, alimsoma usoni mara moja.

"Wifi," alimwambia daktari, "leo kaka yako ameona gari la kumtisha."

Na kweli aliogopa. Kule chini aliona nyaya nene za rangi ya chungwa, na alikuwa amesikia kwamba umeme wake huua. Akamwita fundi wa magari ya umeme wa mtaa wa pili aje kumwelekeza. Yule fundi alichungulia, akasema maneno machache: nyaya za chungwa asiziguse hata akiota, jeki asiiweke chini ya betri, aiweke kwenye kingo za pembeni, mahali palipoandaliwa, mengine yote ni springi na nati kama za gari lolote.

"Basi hayo mengine ni yangu," Taratibu alisema, na rangi ikamrudi usoni.

Ubishi uliofuata ulikuwa wa kimo. Dada alitaka gari lipae kama lori la mchanga. Kaka alikunja kiwiko chake, akamwonyesha.

"Ekseli za gari hili zinakaa hivi. Ukiliinua sana zinakaa hivi, mshazari. Ni kama mtu aliyevaa viatu vya kuchuchumia kwenda shamba. Siku ya kwanza anapendeza, siku ya pili analia magoti."

"Kwa hiyo?"

"Vidole viwili na nusu. Matairi yenyewe yataongeza kidogo."

"Vidole vya nani?"

"Vyangu, si hivyo vyako vyembamba kama sindano."

Wakakubaliana. Aliweka vipande vya alumini juu ya springi za mbele, vingine juu ya zile za nyuma, akabadilisha boliti zilizokuwa fupi. Matairi yalikuwa mapana, yenye meno makubwa na ubavu mgumu, lakini alikataa yale mazito kupita kiasi, kwa kuwa uzito hula chaji. Hata hivyo alimwonya dada yake kwamba safari aliyozoea kwenda na kurudi bila wasiwasi, sasa ataifanya akiitazama betri kwa jicho moja. Usukani ulipokatwa hadi mwisho, tairi la kulia liligusa plastiki ya ndani ya madigadi. Akaipasha plastiki moto, akaisukuma nyuma kwa kitako cha nyundo mpaka mkono wake ukapita katikati. Siku iliyofuata gari likaenda kupimwa alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu, likarudi, na akalipandisha tena kwenye stendi ili apitie kila nati mara ya mwisho.

Alikuwa kwenye gurudumu la nyuma la kushoto, spana mkononi, upepo ulipokuja. Ulikuja na mvua nyuma yake. Bati moja la paa likafunguka upande na kuanza kupiga kelele kama mtu aliyenyimwa haki. Taratibu akakurupuka kulishika, Bi Sindano akakimbilia vitambaa vya wateja, na katikati ya vurugu hiyo simu ya dada, aliyekuja kulichukua gari lake, ikaita. Mfugaji mmoja wa juu alikuwa na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa tangu alfajiri.

"Kaka, limeisha?"

"Limeisha," Taratibu alijibu, mikono miwili ikiwa kwenye bati.

Mvua ilipopungua, bati likapigiliwa, gari likashushwa, matairi yakakanyaga chini. Lilisimama vizuri, kifua mbele, kama kijana aliyevaa viatu vipya. Dada akapiga honi, akaondoka.

Mchana, Taratibu alikuwa anakula. Alikata tonge, akalipeleka hadi karibu na mdomo, likaishia hapo.

"Umejiuma ulimi?" mkewe alimuuliza.

"Ile ya nyuma kushoto," alisema polepole. "Boliti ya mkono wa chini, ule unaoshika gurudumu. Niliikaza?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nilikuwa na spana mkononi. Bati likalia. Baada ya hapo... sikumbuki kusikia 'tak'."

Tonge likarudi sahanini. Akapiga simu. Haipatikani. Akapiga tena, ikawa ile ile. Kule juu mtandao huja ukipenda. Akilini aliiona ile njia ya mawe, ule upande wenye korongo, na gurudumu likitangulia peke yake.

"Labda uliikaza," Bi Sindano alisema. "Mikono yako hujua kazi hata akili ikiwa safarini."

"'Labda' haishiki gurudumu, mke wangu."

Mwenye duka la mbao aliwaazima pikapu yake bila maswali. Bi Sindano ndiye aliyeshika usukani, kwa sababu mumewe hakuacha kupiga simu ile ile. Mzigo wao ulikuwa spana ndefu na jeki.

Lami ilipokwisha, udongo uliolowa ukaanza, na Taratibu akatoa kichwa dirishani. Palikuwa na alama. Hakuna gari jingine njia ile lililokuwa na meno kama yale. Yalijichora kwenye tope kama mshono.

"Angalia," alisema. "Yamenyooka."

"Basi tulia."

"Yamenyooka mpaka hapa. Sijaona kule mbele."

Wakaenda hivyo, yeye akisoma tope na mkewe akikwepa mawe. Kila kona waliyoipita na kuikuta mistari ile imenyooka, Taratibu alishusha pumzi. Kila kona iliyokuja, alizibana tena. Bi Sindano alianza kumsimulia habari za bibi harusi aliyenenepa wiki ya mwisho kabla ya harusi, gauni likagoma kufunga. Taratibu aliitikia "ndiyo" pasipohitaji ndiyo.

Halafu, kwenye kona yenye korongo, alama zikatoweka.

"Simama!"

Alishuka kabla pikapu haijasimama vizuri. Mbele njia ilikuwa tupu. Alama zilikata kushoto, zikaiacha njia na kupita katikati ya vichaka viwili. Alisogea hadi ukingoni akiwa ameshika spana kwa mikono yote miwili, asitake kutazama, na akatazama.

Hapakuwa na korongo upande ule. Palikuwa na mteremko mpole wa nyasi, na chini yake zizi la miti, na ndani ya zizi, gari. Limesimama kwa miguu yote minne. Waya wa friji ulikuwa umechomekwa, ng'ombe wachache walikuwa wakilitazama kwa dharau, na dada yake alikuwa amepiga magoti, mkono wake mmoja ukiwa umezama ndani ya ng'ombe mpaka begani.

"Yu mzima!" Taratibu alipiga ukelele.

"Bado!" daktari akajibu bila kugeuka. "Mguu mmoja umekunjika ndani!"

"Wewe! Nasema wewe!"

Aliteremka mbio, mtu ambaye mtaa wake haukuwahi kumwona akikimbia. Alimpita mfugaji, akampita ng'ombe, akampita hata dada yake, akajitupa chali kwenye tope na kupotea chini ya gari.

"Shikamoo na wewe, kaka," dada alisema akihema. "Umekuja kunisalimia mimi au gari?"

Hakujibu. Alikuwa na tochi mdomoni. Nati zote zilikuwa na mstari mweupe isipokuwa moja, ile ile. Akachomeka spana, akavuta.

Tak!

Hapo hapo, bila kusogea hata unywele. Akavuta tena, maana mtu wa namna yake haamini sikio moja. Tak! Aliikaza kweli, kilichobaki ni rangi tu, rangi aliyoiacha alipokimbilia bati. Taratibu akalaza kichwa kwenye tope, akafumba macho, na kicheko kikamtoka, kicheko cha tumboni kilichomfanya mfugaji ainame kuchungulia.

"Mzee amepatwa na nini?"

"Amepona," Bi Sindano alisema, akiwa ndiyo kwanza anafika huku ameshika viatu vyake mkononi.

"Mkishamaliza kupona huko," daktari akawaambia, "njooni mvute."

Wakaja. Mguu uliokunjika ulikuwa umenyooshwa, kamba imefungwa. Mfugaji akashika, Taratibu akashika nyuma yake, na daktari akawa anatoa amri: ngojeni, ngojeni, anapobana ndiyo mvute, taratibu.

"Hilo analiweza," mkewe alisema.

Ndama alitoka kwa mkupuo mmoja, mrefu, amelowa, akawaangusha wanaume wawili juu ya matako yao. Kwa kitambo hakupumua. Daktari akamsafisha pua, akamsugua kwa majani makavu, akamchokonoa puani kwa unyasi, na ndama akapiga chafya. Mama yake akageuka kumlamba. Mfugaji, mtu mzima mwenye mvi, alijifuta macho kwa kiganja na kujifanya anafuta jasho.

Taratibu alimweleza dada yake kila kitu walipokuwa wakinawa kwenye ndoo: bati, boliti, tonge lililoishia njiani. Alitegemea kugombezwa. Dada akamtazama na tope lake kichwani hadi miguuni.

"Umepanda mlima wote huu kwa ajili ya nati moja?"

"Kwa ajili yako. Nati ilikuwa kisingizio."

Dada akammwagia maji ya kunawa mguuni, na wote wawili wakaridhika na jibu hilo.

Jua lilikuwa linaelekea kuchoka walipoanza kurudi. Gari la umeme lilitangulia. Chaji ilikuwa imeshuka zaidi ya kawaida, lakini kwenye mteremko mota zake zilianza kuirudisha kidogo kidogo, na daktari aliwapigia honi kila namba ilipopanda. Kutoka kwenye pikapu, Taratibu aliona tumbo la gari likipita juu ya mawe na mwanga ukiwa katikati, mwanya wa kutosha kupitisha ngumi.

"Unaona nafasi ile?" alimwambia mkewe. "Haligusi. Haligusi hata kidogo."

"Naona. Sasa kuhusu yule bibi harusi..."

"Enhe, gauni lilifungwa?"

Bi Sindano akaanza upya, kwa urefu wake wote. Alipofika pale aliposhona kipande cha kitambaa ubavuni, aligeuka na kumkuta mumewe amelala fofofo, mdomo wazi, kichwa kikigonga kioo cha dirisha kwa kila jiwe. Akapunguza mwendo, akavuta kanga yake kutoka mabegani, akaikunja, na kwa mkono mmoja akaisukumia kati ya kichwa na kioo.