Mke Mwenza Aliyeusia Nimwoshe

Siku ya kwanza nilishika kata kwa mikono miwili, na bado maji yakanimwagikia miguuni. Mkuu wa waosha maiti wa mtaa wa Kuze, tukimwita Bi Mkubwa, akacheka. "Maiti haumi, mwanangu. Anza upande wa kulia. Na mdomo uuwache mlangoni na viatu." Maana yake, aonalo mwosha mwilini mwa mtu halitoki nje.

Nanyi mabinti mnaojifunza kuosha mwaniuliza imani yangu. Haya. Mimi si mwanachuoni. Nilichokijua nilikijua kwa kuosha. Majani ya mkunazi kwenye maji ya kwanza, kafuri kwenye ya mwisho, sanda vipande vitano kwa mwanamke. Nimeitwa kutoka Kibokoni hadi Kibarani, na kila maiti nilimwombea maghufira, Mola amsamehe. Lakini kwa ulimi tu. Moyo ulikuwa ukiwaza chakula cha mchana.

Kisha akafa mke mwenzangu. Aka! Mwanamke yule aliniibia mume na usingizi, na hata mume alipokufa hatukusemezana. Asubuhi ile binti yake akaja kwangu, macho mekundu.

"Mama mkubwa, mama ameusia aoshwe na wewe."

"Kwani waosha wamekwisha Mombasa?"

Akalia. Nikamwendea Bi Mkubwa, nikitaraji ataniruhusu kukataa.

"Wasia utimize," akasema. "Lakini kama wenda na kinyongo, usimguse. Utamwombeaje msamaha wa Mungu, nawe wako umeufungia kabatini?"

Jeneza lilikuwa la kutoka baada ya adhuhuri. Nilisimama mbele ya kitanda cha kuoshea, wenzangu wakinisubiri. Siwezi, nikasema moyoni. Ila kazi ina utaratibu wake: kwanza humwinua maiti nusu ya kukaa, akuegemee, umkamue tumbo polepole. Huwezi kuifanya bila kumkumbatia mtu. Nikamwinua. Alikuwa amekonda, maskini, na kichwa chake kikaniangukia begani. Nikalia kwa sauti, mimi niliyezoea kuwatoa wengine chumbani kwa kosa la kulia.

"Nimekusamehe," nikamwambia. "Nawe, dada, nisamehe." Ndipo nikatia maji.

Sasa magoti yamegoma, kazi nimewaachia wenye nguvu. Kama alinisamehe, sijui. Hilo mpaka tuonane. Zamani nikiomba msamaha kwa Mola niliomba kwa mazoea. Siku hizi naomba nikitetemeka, kwa maana najua ni kitu kizito kiasi gani ninachokitaka: nilikibeba kifuani siku ile nilipomwinua.